Hakuna Aliyeigusa

Picha iliingia WhatsApp saa tatu asubuhi. Ilikuwa imepigwa kwa simu mbele ya skrini ya laptopu, kidole gumba cha mpigaji kikiwa kimefunika pembe moja. Aliyeituma ni binti wa kaka yangu aliye Arua. Ilionyesha hitilafu ya Python, lugha ya kuandikia programu, kuanzia juu: majina ya folda, namba za mistari, majina ya folda tena. Mstari wa mwisho, ambao ndio wenye habari yenyewe, ulibaki nje ya picha.

"Nitumie chini kabisa," nikamwandikia.

Hakutuma. Alipiga simu.

"Shangazi, meneja anauliza nani ameigusa programu. Mimi sijaigusa. Wallahi sijaigusa."

Programu yenyewe ni ndogo. Kijana mmoja aliiandikia SACCO yao kwa Python na maktaba zake mbili: Flask, ya kurasa za kivinjari, na pandas, ya majedwali ya data. Inasoma marejesho ya mikopo, inachapisha ripoti, inafunguka kwenye kivinjari cha kompyuta ileile na wala haitoki nje ya ofisi. Kijana mwenyewe alishahamia Juba. Diski ya kompyuta ya zamani ilikufa, wakanunua laptopu nyingine, folda ya programu ikanakiliwa kutoka kwenye flashi ya akiba. Wakaiwasha, ikakataa.

Hakuna aliyebadilisha hata herufi moja.

Lakini katika ofisi inayoshika pesa za watu, hayo ni maneno ambayo kila mtu huyasema na hakuna anayeyaamini. Programu ilirudi kazini baadaye, kama nitakavyoeleza. Swali la meneja ndilo halikurudi lilikotoka. Lilikaa nami wiki baada ya wiki, nikipika, nikiwa kwenye foleni ya magari Wandegeya: ikiwa kweli hakuna aliyeigusa, nani basi?

## Mistari miwili

Nilimwomba anisomee faili la mahitaji, `requirements.txt`, lile ambalo mwandishi huorodhesha maktaba anazozitumia, yaani msimbo ulioandikwa tayari na wengine. Lilikuwa na mistari miwili tu: `Flask==2.2.2` na `pandas==1.5.3`.

Nilifurahi kusikia hivyo. Wengi huandika jina peke yake, "Flask", basi, na pip, zana inayoleta maktaba za Python kutoka intaneti, ikiulizwa huleta chochote kilicho kipya siku hiyo. Huyu alitaja namba kamili. Alifanya tulivyofundishwa sote.

Kilichokataa kwanza kilikuwa Python yenyewe. Aliyewauzia laptopu aliwawekea 3.12, iliyotoka Oktoba 2023. pandas 1.5.3 ni ya Januari 2023. Ilipotoka, 3.12 haikuwepo, kwa hiyo hakuna aliyeiandalia faili la `.whl`, yaani kifurushi kilichokwisha kujengwa kwa ajili ya toleo hilo. pip ikikosa kifurushi tayari haikwambii "toleo hili na Python hii havijuani". Huchukua msimbo chanzo na kujaribu kuujenga papo hapo. Kwenye Windows jaribio hilo huishia kudai zana za C++ za Microsoft.

Binti ni mtiifu. Aliambiwa na skrini alete zana za C++, akaanza kuzipakua. Ni gigabaiti kadhaa. Bando likaisha katikati.

Hapa nilikasirika kidogo, na si kwake. Ushauri wa "sakinisha tena", "sasisha zote", "futa uanze upya" umeandikwa na watu ambao kupakua kwao hakuna bei. Kwetu Uganda bando lina ushuru wa asilimia 12 tangu Julai 2021. Kila "jaribu tena" ni pesa ya mtu, na mara nyingi ni pesa ya yule aliye chini kabisa ofisini.

Dawa haikuwa C++. Dawa ilikuwa kujua programu iliishi na Python ipi, halafu kuirudishia hiyo. Kompyuta ya zamani imekufa, nani atatuambia?

Folda yenyewe ilisema. Python ikiendesha programu huacha folda ndogo iitwayo `__pycache__`, na ndani yake mafaili yenye toleo ndani ya jina. Nikamwambia aifungue anisomee. Akasoma: `ripoti.cpython-310.pyc`.

3.10. Na tarehe ya faili hilo: Machi 2023.

Kuna mtego mmoja hapa, niutaje kwa sababu umeshawapotezea watu jioni nzima. Ukienda kwenye tovuti ya Python ukachukua toleo la mwisho kabisa la 3.10, utapata msimbo chanzo tu. Faili la kusakinisha kwenye Windows liliishia 3.10.11, Aprili 2023. Matoleo ya baada ya hapo ni ya usalama peke yake na hayana faili hilo. Usihangaike, chukua 3.10.11.

## Aliyekuwa sahihi

Python ikakaa, pip ikasakinisha kila kitu bila kulalamika, programu ikawashwa. Safari hii binti alikuwa ameelewa: alituma mstari wa mwisho peke yake.

`ImportError: cannot import name 'url_quote' from 'werkzeug.urls'`

Mtu asiyeijua Werkzeug atashangaa. Haimo kwenye faili la mahitaji. Haimo kwenye programu ya SACCO. Utaitafuta folda nzima usiione. Ni maktaba ambayo Flask imejengwa juu yake, na huja yenyewe Flask inapoletwa.

Flask 2.2.2 inaingiza `url_quote` kutoka Werkzeug; hiyo ni "kazi", yaani kipande cha msimbo kinachoitwa kwa jina lake. Werkzeug iliiondoa kazi hiyo katika toleo la 3.0, tarehe 30 Septemba 2023. Na Flask 2.2.2 ilipoandika inahitaji Werkzeug ipi, iliandika "2.2.2 au zaidi". Zaidi mpaka wapi? Haikusema.

Ni kama mdhamini wa mkopo anayeweka sahihi kwenye fomu ambayo nafasi ya kiasi imeachwa wazi.

Kwa hiyo pip, ikiwa mtiifu kama binti yetu, ilileta Flask ileile iliyoombwa, na Werkzeug mpya kuliko Flask hiyo ilivyowahi kufikiria. Kwenye kompyuta ya zamani Werkzeug ilisakinishwa kabla ya Septemba, ikakaa hapo, salama. Folda ilihama, Werkzeug ile haikuhama.

Nikamwambia aandike `Werkzeug<3`, yaani toleo lolote chini ya 3, kwenye faili la mahitaji, asakinishe tena. Dakika moja.

Ndipo swali la meneja likaanza kunisumbua kwa kweli, maana nilitaka kumpa jibu lenye jina la mtu na sikuwa nalo. Werkzeug ilikosea? Ilitangaza Aprili 2023, katika toleo la 2.3, kwamba kazi hizo zitaondolewa. Ikangoja miezi mitano. Ilipoziondoa ilibadilisha namba ya kwanza, kutoka 2 kwenda 3, na hiyo ndiyo desturi: namba ya kwanza ikibadilika, jihadhari. Flask ilikosea? Flask 3.0, inayoendana na Werkzeug mpya, ilitoka siku ileile. Hata timu ni moja. Kijana wa Juba? Alitaja namba. Binti? Alinakili folda.

Kila mmoja alifanya sawa, na ripoti haikutoka.

Niliwahi kudhani jibu ni rahisi: kila maktaba iweke kikomo cha juu, yaishe. Nilipofuata wazo hilo hadi mwisho, lilinikwama. Katika mazingira mamoja ya Python, yaani Python moja na maktaba zilizosakinishwa kwake, kila maktaba inaweza kuwa na toleo moja tu. Si kama ulimwengu wa npm, zana ya namna ya pip kwa lugha ya JavaScript, ambako maktaba mbili zinaweza kila moja kubeba nakala yake ya maktaba ya tatu. Kwetu wote wanakaa chumba kimoja. Chukua NumPy, maktaba ya hesabu ambayo pandas imejengwa juu yake. Sasa maktaba A ikisema "NumPy chini ya 2" na maktaba B ikisema "NumPy 2 au zaidi", hakuna usuluhishi. Na A huenda ingefanya kazi vizuri tu na NumPy 2, ila mwandishi wake aliogopa akaweka kikomo kwa tahadhari, na sasa yuko likizo. Vikomo vya hofu vikijaa, hakuna kinachosakinishika.

Ndiyo maana waandishi wa maktaba huacha juu wazi. Wanaacha wazi kwa makusudi, wakitarajia kwamba mtu wa mwisho kwenye mlolongo, mwenye programu yenyewe, ndiye atakayefunga kila kitu. Si maktaba anazozitaja tu, bali na zile zinazokuja nyuma yake.

Mistari miwili ya kijana wa Juba ilikuwa imebeba maktaba 12. Kumi hakuziandika, kwa sababu hakuwahi kuzigusa.

## Onyo lilisomwa na nani

Kuna jambo jingine lililonichoma nilipolichimba. Nimesema Werkzeug ilionya kwa miezi mitano. Ilionya wapi?

Katika kumbukumbu za mabadiliko, sawa. Na ndani ya programu yenyewe, kwa kutoa `DeprecationWarning`, onyo kwamba kitu kimepitwa na wakati, kila kazi hizo zilipoitwa. Lakini Python huyaficha maonyo ya aina hiyo. Imekuwa hivyo tangu Python 3.2, na kuanzia 3.7 huonyeshwa tu yakitokea ndani ya faili unaloliendesha moja kwa moja, si ndani ya maktaba. Ukitaka kuyaona yote lazima uwashe programu kwa `python -W default`. Sababu yake ni ya busara: mtumiaji wa kawaida hawezi kufanya lolote kuhusu maonyo hayo, ni ya mwandishi.

Ni ya mwandishi. Na mwandishi yuko Juba.

Mfumo mzima wa matoleo umejengwa juu ya dhana kwamba programu ina mtu. Kuna mtu anayesoma matangazo, anayewasha maonyo, anayejaribu toleo jipya Jumatatu na kulirudisha la zamani Jumanne. Sasa hebu zunguka ofisi ndogo za Uganda: SACCO, zahanati, shule, ghala la nafaka. Programu zilizopo ziliandikwa na mwanafunzi wa mwaka wa mwisho, au na mshauri wa mradi ambao fedha zake ziliisha, au na mtoto wa mwenye ofisi kabla hajaenda Dubai. Zinafanya kazi miaka, hazina mtu, na hazilalamiki. Huvunjika siku moja tu: siku kompyuta inapobadilishwa.

Siku hiyo anayekuwepo ofisini ni binti wa kaka yangu.

Sisemi waandishi wa Werkzeug wangemfikiria yeye. Wengi wao hujitolea, na hawawezi kubeba kila ofisi duniani. Ninachosema ni kwamba mahali programu inapoachwa bila mtu, kuandika orodha kamili ya matoleo si unadhifu wa wahandisi. Ni sehemu ya kukabidhi kazi, kama kukabidhi funguo. Mwandishi akiniambia amemaliza programu na hana orodha hiyo, mimi simhesabu kuwa amemaliza.

## 96 na 88

Werkzeug ikatulia. Programu ikapiga hatua moja, ikaanguka tena.

`ValueError: numpy.dtype size changed, may indicate binary incompatibility. Expected 96 from C header, got 88 from PyObject`

Huu ndio ujumbe ninaouchukia kuliko wote, kwa sababu unamtisha mtu kwa namba na haumwambii afanye nini. Maana yake hii: pandas si Python tupu. Sehemu yake ni msimbo wa C uliojengwa ukijua umbo la NumPy kwenye kumbukumbu ya kompyuta, baiti kwa baiti. NumPy 2.0, iliyotoka Juni 2024, ilibadilisha umbo hilo. pandas 1.5.3 ilitarajia kitu cha ukubwa wa 96, ikakuta cha 88, ikakataa kuendelea. Na ilifanya vyema kukataa. Kusoma kumbukumbu kwa kipimo kisicho chake ni hatari kuliko kusimama.

Kosa ni lilelile la Werkzeug: pandas ilisema inataka NumPy kuanzia toleo fulani, juu ikaacha wazi.

Ningeweza kuandika `numpy<2` nikangoja la tatu, na la nne. Nilichoka kukimbizana. Kwa nini niziwinde moja moja wakati najua tarehe?

Kuna zana iitwayo uv, ya tangu Februari 2024, inayofanya kazi ya pip kwa kasi zaidi. Ina chaguo moja ambalo peke yake lingetosha kunifanya niipende: `--exclude-newer`. Unaipa tarehe, nayo inajifanya haioni chochote kilichotoka baada ya tarehe hiyo. Nikaipa 31 Machi 2023 na ile mistari miwili. Ikanirudishia orodha ya vyote 12 kama ulimwengu ulivyokuwa mwezi ule: Werkzeug 2.2.3, NumPy 1.24.2, na wenzake.

Niliipeleka kwenye kompyuta yangu hapa Kampala, Python 3.10, mazingira matupu. Programu ikafunguka mara moja.

Aya ya pembeni, kwa wanaoanza, kwa kuwa si kila `ImportError` ni mambo ya matoleo. Kabla hujafika mbali namna hii, angalia kama hujaliita faili lako `pandas.py` au `random.py`, Python italiingiza la kwako badala ya maktaba. Angalia kama jina la kusakinisha ni lilelile la kuingiza: `cv2` husakinishwa kama `opencv-python`, `PIL` kama `Pillow`, `yaml` kama `PyYAML`. Na angalia kama pip unayoiita ni ya Python unayoiendesha. Kwenye Windows, `py -3.10 -m pip` haikudanganyi; `pip` tupu hukudanganya bila haya.

## Basi la usiku

Ningeweza kumtumia binti orodha kwa simu, apakue mwenyewe. Sikutaka. Kwa sababu mbili: bando, na kumbukumbu yangu ya Januari 2021, intaneti ilipozimwa nchi nzima usiku wa kuamkia uchaguzi na kurudi tarehe 18. Siku zile kompyuta iliyokufa ilibaki imekufa, hata kama msimbo wote unao mkononi, maana maktaba ziko ng'ambo ya waya uliokatwa.

Nilitaka kitu kinachokaa kabatini.

pip inajua kupakua bila kusakinisha, tena kwa kompyuta isiyo yako:

`pip download -r orodha.txt -d vifurushi --platform win_amd64 --python-version 310 --only-binary=:all:`

Hapo unapata folda ya mafaili ya `.whl`. Jifunze kusoma majina yake, hayana siri. `pandas-1.5.3-cp310-cp310-win_amd64.whl`: maktaba, toleo, Python 3.10, Windows ya biti 64. Kikiandikwa `cp312`, hicho si chako. Vyote 12 havikufika megabaiti 30. Megabaiti thelathini! Wakati C++ ilikuwa imemmezea gigabaiti kwa ajili ya tatizo ambalo halikuwa lake.

Nikaongeza faili la kusakinisha Python 3.10.11, nikaandika maelezo kwenye karatasi, nikafunga flashi ndani ya bahasha. Arua Park hapa Kampala, basi la usiku, Karuma, Pakwach. Asubuhi binti akaichukua kwa wakala wa mizigo, akatoa amri moja: `py -3.10 -m pip install --no-index --find-links=vifurushi -r orodha.txt`. `--no-index` maana yake usitoke nje kabisa, usiulize intaneti chochote.

Kabla ya saa nne ripoti ya wiki ilikuwa mezani kwa meneja.

Ninajua wapo watakaocheka: karne hii, maktaba za programu zinasafiri kwa basi? Nacheka nao. Lakini kampuni kubwa zina seva zao za ndani zenye nakala za kila maktaba, kwa sababu haziamini kwamba intaneti itakuwepo na itakuwa ileile. Flashi ya Arua inafanya kazi hiyohiyo.

## Shaka

Hapo ningeweza kunyamaza. Usiku mmoja, hata hivyo, nikajiuliza: nimeigandisha SACCO mwaka 2023, hadi lini?

Flask 2.2.2 ina tundu la usalama linalojulikana hadharani, CVE-2023-30861. Pale ambapo kuna seva ya kati inayotunza nakala za majibu, kidakuzi cha mtu mmoja, yaani alama ambayo tovuti humtambua nayo, kinaweza kumfikia mwingine. Programu ya SACCO haina seva ya kati, iko kompyuta moja, kwa hiyo tundu halifiki kwao. Halifiki leo. Kesho meneja akitaka ripoti aione kwenye simu yake akiwa Koboko, je?

Tundu lilizibwa katika 2.2.5. Hatua hiyo haikunipa wasiwasi, kwa kuwa namba ya tatu pekee ndiyo iliyobadilika. Nikaibadilisha kwenye orodha, nikajaribu, nikamtumia binti faili moja. Lakini Python 3.10 yenyewe inaacha kupewa marekebisho Oktoba 2026. Kufunga matoleo kunanunua muda, hakununui zaidi ya hapo, na muda huo usipotumiwa, siku ya kuhama itakuwa na maktaba kumi zinazogombana badala ya mbili.

Nikamwambia binti: tengeneza mazingira ya pili pembeni, weka Python mpya, Flask 3, pandas 2. Usiguse ya kazi. Jaribu, uone kinachovunjika.

Alijaribu. Kilichovunjika waziwazi kilikuwa kimoja: `DataFrame.append`, kazi ya kuongeza mistari kwenye jedwali, iliyoondolewa katika pandas 2.0, Aprili 2023. Akaandika `pd.concat` mahali pake, bila kuniuliza. Nilijivunia, sikumwambia.

Nikamwomba jambo moja zaidi. Achapishe ripoti ya mwezi uleule kwa programu zote mbili, alinganishe jumla. Hitilafu ya kuingiza maktaba ina adabu yake. Inakataa mlangoni, unaiona. Ninayoiogopa ni ile inayoingia kimya na kubadilisha namba.

Alikaa siku nzima. Jioni akapiga.

"Shangazi, Januari hazilingani."

## Siku na mwezi

Jumla ya mwaka ilikuwa sawa. Miezi ndiyo iliyotofautiana: marejesho mengine yaliyokuwa Januari katika ripoti ya zamani yalikuwa Februari katika mpya, mengine Machi. Nilihisi tumbo likivuta. Ndiyo haya sasa, nikasema, pandas mpya imeharibu hesabu za watu.

"Daftari linasemaje?" nikamuuliza.

Daftari la karatasi, lenye sahihi za wanachama, lilikubaliana na pandas mpya.

Sisi huandika siku kwanza, halafu mwezi. pandas, usipoiambia, hudhani mwezi uko mbele, kama Marekani. Katika toleo la 1.5 ilisoma kila tarehe peke yake: 13/01/2023 haiwezi kuwa mwezi wa 13, basi ikaipindua na kusoma 13 Januari, sawasawa. Mstari unaofuata, 01/02/2023, unawezekana kimarekani, basi ikausoma 2 Januari. Ilikuwa 1 Februari. Safu moja, faili moja, tarehe nyingine hivi na nyingine vile, na onyo ambalo hakuna aliyelitazama. Kuanzia 2.0 pandas huangalia tarehe ya kwanza, inaamua mtindo, na kuushika hadi mwisho. Ikikutana na tarehe isiyoingia kwenye mtindo huo, inasimama na kupiga kelele.

Kwa hiyo programu ile, ilipokuwa ikifanya kazi vizuri, kila siku, bila kuguswa na mtu, ilikuwa ikiweka malipo ya watu kwenye miezi isiyo yao.

Tiba ni maneno machache, na yanafanya kazi kwenye pandas zote mbili: `format="%d/%m/%Y"`, yaani siku, mwezi, mwaka. Faini za kuchelewa huhesabiwa kutoka kwenye daftari, kwa hiyo hakuna mwanachama aliyetozwa kisicho chake. Ripoti za mwezi zilizopelekwa kwa bodi ni habari nyingine.

Binti aliniuliza kama amwambie meneja. Nikamwambia amwambie leo, akiwa na daftari mkononi, aanze na mfano mmoja ambao meneja mwenyewe anaukumbuka. Mzee alisikiliza, akavaa miwani, akataka kuuona ukurasa. Halafu akaagiza ripoti zote za nyuma zichapishwe upya kabla bodi haijakutana mwezi ujao.

Binti anataka kujua azichapishe kwa pandas ipi. Nimemwambia kwa zote mbili, kila moja ikiwa na ule mtindo wa tarehe, na pale zitakapotofautiana hata shilingi mia, anipigie kabla hajamkabidhi mtu yeyote.